Ufunguo Uliofungwa Pindoni

Ahmada wa Ladywood amefanya kazi ya bunduki kwa muda mrefu kuliko majenerali wengi, na hajawahi kumiliki hata moja. Watu wakiambiwa hivyo hucheka. Yeye haoni cha kuchekesha. Birmingham hii ina wanawake walioshona magauni ya harusi maisha yao yote bila kuolewa, na hakuna anayewauliza.

Kazi yake ni vitako. Kitako ni ile sehemu ya mbao inayokaa begani, na bunduki za bei kubwa hutiwa mbao ya mti wa jozi, yenye michirizi myeusi kama moshi uliogandia ndani. Ahmada hulichukua gogo, akalipiga randa, akalichimba lipokee chuma, akalichonga mistari midogo inayokatana pale mkono unaposhika, kisha akalipaka mafuta kwa kidole gumba, leo na kesho na wiki ijayo, mpaka mke wake alalamike kwamba mashuka yananuka mafuta ya kitani.

Alizaliwa Kikwajuni, Unguja, baba yake akiwa fundi wa vitanda. Alifika Uingereza mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati watu wengi wa kwao walipogundua kwa ghafla kwamba wana ndugu huku. Kazi aliipata kituo cha basi. Basi lilimpita pale Newtown mvua ikinyesha, naye akamtukana dereva kwa Kiswahili kilichonyooka, akidhani yuko peke yake. Nyuma yake mzee mwenye kilemba cha buluu akasema, "Bwana, huyo hasikii. Ungemtukana na Kizungu."

Huyo alikuwa Gurvinder, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, mwenye karakana ya kutengeneza bunduki za marisau, zile za kuwindia ndege, upande wa pili wa barabara, katika mtaa ambao zamani ulipeleka bunduki kila pembe ya dunia, zikiwemo zilizofika pwani ya kwao Ahmada. Sasa mtaa una maghorofa ya wanafunzi, gereji, na karakana chache zilizobaki kama meno ya mzee. Gurvinder alimuuliza kama anajua mbao. Ahmada akasema anajua vitanda. Gurvinder akasema bunduki ni kitanda kidogo, tofauti yake anayelala ni mwingine.

Wakakaa pamoja tangu hapo, kila mmoja akidhani Kiswahili cha mwenzake kimeharibika.

Mwaka huu jengo likauzwa. Gurvinder, ambaye magoti yake yalikwisha staafu kabla yake, alipewa mpaka mwisho wa mwezi. Ndani ya karakana ilikuwepo bunduki moja isiyo na mtu: ya mitutu miwili, iliyotengenezwa mtaa huohuo kabla ya vita, ambayo mwenyewe alikufa na warithi wakaiogopa. Ahmada aliikuta imevunjika kitako, akaitilia kipya. Ndicho kitako bora alichowahi kukichonga, na alikuwa hana haja ya kuambiwa.

"Chukua wewe," Gurvinder alisema. "Mimi nitaweka wapi? Bibi yangu ataifanya ya kuanikia nguo."

Hapo ndipo Ahmada alipoanza kukosa usingizi. Sheria ya Uingereza haina matusi, ila ina mlango. Maadamu yeye ni mfanyakazi wa karakana yenye idhini, anaweza kushika bunduki kutwa. Siku mlango ukifungwa, yeye ni mtu wa barabarani, na mtu wa barabarani akishika bunduki bila kibali cha polisi anakwenda jela hata kama aliichonga mwenyewe. Akitaka bunduki ile iwe yake, apate kibali kabla ya mwisho wa mwezi. Asipopata, Gurvinder ataipeleka kwa mfanyabiashara mwingine huko Worcestershire, na habari yake itakuwa imekwisha.

Akaomba. Daktari akaulizwa kama Ahmada ana wazimu, akajibu hajauona. Watu wawili wanaomjua waliandika kwamba ni mtu mtulivu, jambo ambalo tangu aombe lilikuwa halina ukweli. Alikuwa akiamka, akazunguka sebuleni, akatazama taa za mjini kutoka ghorofani, akalala, akaamka. Likaletwa kabati la chuma, refu na jembamba, likafungwa kwa boliti kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Polisi hawapendi mtu atangaze kwamba nyumbani kwake kuna kabati la namna hiyo, kwa hiyo mkewe, Mwanamize, aliombwa asiseme kwa yeyote. Kwa Mwanamize hiyo ilikuwa ibada nzito. Jirani yake Asmahan alipowaona wabebaji wakipandisha kitu kwenye lifti, akauliza, "Friji jipya hilo?" Mwanamize akasema ndiyo. Asmahan akauliza mbona jembamba. Mwanamize akasema siku hizi watoto wamehama.

Ofisa wa polisi angekuja Alhamisi kukagua nyumba na kuwahoji. Jumamosi kabla yake, mtoto wao Rashad aliwasili kutoka Amerika.

*

Rashad alikulia Ladywood, akamuoa Raisa, ambaye jamaa zake wako Columbus, Ohio, akahamia huko, akawa raia, akaendesha malori. Ni kijana mzuri, mkubwa, mwenye kicheko, na amepata tabia mbili. Ya kwanza, haketi mpaka aone mlango uko upande gani. Ya pili, mkono wake wa kulia haukai. Kila baada ya muda hushuka ubavuni, juu ya mkanda, ukagusa, ukarudi. Hapa Birmingham ulikuwa ukigusa shati tu.

Mama yake alidhani ni figo.

"Unaumwa?"

"Siumwi, Mama."

"Basi unashika nini hapo kila saa?"

Rashad akatazama mkono wake kama wa mgeni. Akaeleza. Ohio, mtu mzima asiyezuiwa na sheria anaweza kutembea na bastola imefichwa mwilini, bila kibali chochote. Ilikuwa lazima leseni na mafunzo, miaka michache nyuma wakaondoa ulazima. Yeye leseni anayo hata hivyo, kwa ajili ya safari, kwa sababu kila jimbo lina sheria zake.

"Pennsylvania wananitambua. Nikifika mpaka wa New York nasimama pembeni, naitoa risasi, naifungia kwenye sanduku. Michigan wananitambua, ila polisi wakinisimamisha nawaambia hapohapo kabla hawajauliza. Ukichelewa ni kosa."

"Bastola ni hiyohiyo moja?" Ahmada aliuliza.

"Hiyohiyo."

"Na wewe ni wewe."

"Ni mimi, Baba."

"Kwa hiyo kinachobadilika ni bango la barabarani."

Rashad akacheka, lakini si sana. Alikuwa na hoja yake na ameibeba safari ndefu. Alisema kule haki ya silaha ni ya kila raia, katiba haikuuliza baba yake katokea kisiwa gani. Zamani mtu mweusi alinyimwa leseni na sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, kwa kutazamwa usoni tu. Sasa hakuna wa kumtazama. Msikitini kwao, siku ya Ijumaa, kuna ndugu wanaosali safu ya nyuma wakiwa nazo, kwa ajili ya ulinzi.

"Huwekwa wapi, ndani ya kanzu?" Ahmada aliuliza, kwa kuwa jambo hilo lilimgusa kama fundi.

"Kuna mkanda maalumu."

"Sisi tulikuwa tunatia tumbaku kibindoni, tukirukuu inadondoka."

"Baba, wewe unafanya mzaha. Wewe raia wa hapa tangu mimi niko shule. Bunduki umezitengeneza mwenyewe. Na bado unamngoja mwanamke wa polisi aje akague chumba chako cha kulala. Hiyo ni haki?"

"Ni sawa kwa wote," Ahmada alisema. "Tajiri wa mashamba naye anamngoja huyohuyo. Huku sote tuko sawasawa: hakuna anayeaminiwa."

"Na kule sote tunaaminiwa."

"Ndiyo maana huketi mpaka uone mlango."

Mwanamize aliyekuwa akipakua wali aliweka sinia katikati yao. "Kuleni," alisema. "Wawili nyinyi hamtosheki. Mmoja ana haki yake na analala jicho moja, mwingine hana na halali kabisa."

*

Jumanne mchana Rashad alimpeleka baba yake karakanani kwa gari la baba. Kwenye kiti cha nyuma, ndani ya blanketi, waliweka gogo la mti wa jozi ambalo Gurvinder alitaka limrudie aliyewauzia. Taa moja ya breki ilikuwa imekufa. Hapo Newtown, karibu na kituo kilekile cha basi, gari la polisi likawawashia taa za buluu.

Ahmada hakuwa na wasiwasi. Alikuwa akitafuta la kusema kuhusu taa. Rashad alisimamisha gari taratibu, akazima injini, akashusha kioo, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani, vidole vimetawanyika. Askari kijana akainama dirishani na kusema habari za mchana. Rashad, kwa Kiingereza cha Ohio, kwa sauti ya upole, pumzi moja, akasema:

"Habari, afande. Nakufahamisha kwamba nina leseni ya kubeba silaha iliyofichwa, na hivi sasa ninayo mwilini."

Ahmada aligeuka akamtazama mwanawe kama mtu aliyeadhini ndani ya benki.

"Samahani?" askari alisema.

"Iko ubavu wa kulia. Mikono yangu iko hapa. Niambie nifanye nini." Kisha Rashad akanyamaza, na Ahmada aliuona uso wake ukirudi polepole kutoka Michigan. "Oh no," Rashad alisema. "Hapana. Afande, sinayo. Niko likizo."

Lakini hilo la pili halikuwa na uzito wa la kwanza. Askari alikwisha rudi nyuma hatua kadhaa akizungumza na redio ya begani mwake. Barabara ikafungwa. Wakaja wengine, hawa wakiwa na bunduki za kweli, na Ahmada akalazwa juu ya lami iliyolowa karibu na kituo cha basi. Akaona kwamba kutoka chini vitako vya bunduki zao ni vya plastiki. Akaona na blanketi la kiti cha nyuma likifunguliwa kwa tahadhari kubwa, na askari wawili wakilitazama gogo.

"Hii ni nini?"

"Mbao," Ahmada alisema, shavu likiwa chini.

"Ya nini?"

Alikuwa mtu mkweli, na ukweli siku hiyo haukuwa rafiki yake. "Ya bunduki," alisema.

Haki isemwe, polisi hawakuwafanyia ubaya wowote. Walipekua, wakauliza, wakawapeleka kituoni, wakawapa chai. Gurvinder aliitwa, akaja na kilemba chake na idhini yake ya biashara. Mkubwa wao alitafuta kosa la mtu anayejisingizia silaha asiyokuwa nayo, kisha akaangalia saa, akamwonya Rashad na kumwambia taa ya breki itengenezwe. Ila yote yaliandikwa kwenye kompyuta, na kompyuta ya ofisa wa Alhamisi ni ileile.

Gurvinder aliwarudisha. "Mimi nimeona mtu anaficha bunduki," alisema akiendesha. "Nimeona mtu anaiba bunduki. Hii ya kuambia polisi uko nayo na hauna, hiyo ni ya kwanza. Ulisoma Amerika, eh?"

"Naendesha lori, Uncle."

"Basi usisome."

Nyumbani, wakiwa kwenye lifti, Ahmada aliuliza, "Ile sentensi ilikutokaje?"

"Siifikirii, Baba. Nikiona taa za buluu inatoka yenyewe. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo. Raisa alikuwa anafanya polisi."

"Mzungu wa kule naye anatakiwa kuisema?"

"Anatakiwa. Sheria ni moja."

"Anaisema hivyo? Na vidole vimetawanyika?"

Lifti ilipita ghorofa moja, nyingine. "Yeye huisema huku anajikuna," Rashad alisema.

Ahmada alikuwa na hasira ya kibali chake alichodhani kimekufa pale lamini, na hasira hiyo haikupata mahali pa kukaa.

*

Ofisa hakuja Alhamisi. Alipiga simu kwamba lazima asome taarifa fulani kwanza, wala hakusema ipi. Ahmada alishinda akitembea kati ya jikoni na dirisha. Alipaka mafuta mguu wa kiti. Mwanamize alimwambia akitaka kutoboa zulia atumie patasi, ni haraka zaidi.

Ijumaa, baada ya sala, ofisa alikuja. Alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya kupandia milima, na alivivua mlangoni bila kuambiwa, jambo lililompatia nusu ya Mwanamize papo hapo. Nusu nyingine aliipata alipoomba kahawa ya pili. Alimuuliza Rashad kuhusu Jumanne. Rashad akaeleza yote, mikono juu ya magoti. Ofisa alisikiliza mpaka mwisho.

"Utaondoka lini?" alimuuliza.

"Jumatano."

"Na silaha yako iko wapi sasa?"

"Columbus, ndani ya sefu. Mke wangu hana... ana namba. Ana yake pia."

"Vizuri," ofisa alisema. Aliandika. Kisha akamgeukia Ahmada. "Mwanao hakai hapa, na kosa lake ni la mtu anayejitahidi kutii sheria, isipokuwa si ya hapa. Hilo halinisumbui. Niambie, bunduki unaitakia nini?"

Ahmada alikuwa ameandaa jibu la kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kwenye klabu anayokwenda na Gurvinder Jumapili, na alilitoa. Halafu, kwa kuwa yule mama alikuwa ananyamaza vizuri, akaongeza, "Nimekitengeneza kile kitako. Sitaki kukisikia kiko kwa mtu ambaye hakijui."

Ofisa aliitikia kwa kichwa, na Ahmada aliona kwa mara ya kwanza wiki ile kwamba jambo hili linawezekana. Walikwenda chumbani. Ofisa alilitingisha kabati, akapiga boliti kwa kifundo cha kidole, akaridhika. Rashad, mlangoni, alimkonyeza baba yake.

"Nifungulie," ofisa alisema.

"Mama Rashad," Ahmada aliita, kama alivyoita maelfu ya mara katika kila nyumba waliyokaa, "ufunguo."

Mwanamize akaja akifuta mikono. Alikuwa amejifunga kanga mbili, na kwenye pindo la ile ya juu lilikuwepo fundo, kama lilivyokuwepo kwenye pindo la mama yake na la bibi yake. Akalifungua kwa meno kidogo, kisha kwa vidole. Mlikuwa na funguo zote: wa mlango, wa sanduku la barua, wa stoo, wa sanduku la nguo lililotoka Unguja. Akauchagua mmoja bila kutazama, akafungua kabati la polisi.

Ndani mlikuwa na chetezo, udi ndani ya mkebe, bangili zake, vikombe vizuri vya wageni wazito, na boksi la halua ambalo Rashad alikuwa akilitafuta tangu Jumamosi.

"Kulikuwa kutupu," Mwanamize alimweleza ofisa, kama mtu anayeeleza jambo la busara.

Ofisa alikitazama kikombe kimoja, akakisifu. Halafu akauliza kwa upole ufunguo huwa unakaa wapi.

"Kwangu," Mwanamize alisema.

"Siku zote?"

"Akae nao yeye? Huyu mtu hajui miwani yake iko wapi."

Ahmada alifumba macho. Ofisa akafunga daftari na akaeleza, na kwa heshima alimweleza yeye Mwanamize. Bunduki hufungiwa, na wa kuifikia awe ni mwenye kibali peke yake. Mwingine yeyote wa nyumba, hata awe mke, asiwe na ufunguo wala asijue ulipo. Hilo si dharau kwake. Ni hivyo kwa mabwana wenye mashamba na mabibi zao.

"Na mke akitaka naye?"

"Anaruhusiwa kuomba kibali chake mwenyewe. Wakiwa navyo wote wawili, wanaweza kutumia kabati moja. Wewe ni raia kama yeye."

Mwanamize alilifikiria. "Basi niombee."

Ofisa akafungua tena daftari. "Bunduki ungeitakia nini?"

"Bunduki siitaki," Mwanamize alisema. "Nataka ufunguo."

Ofisa alionekana kama mtu anayepekua sheria nzima kichwani kutafuta mahali pa kuitia hiyo sababu, na hakupapata. "Pole," alisema, na ilikuwa pole ya kweli. Akamwambia Ahmada kwamba mengine yote yako sawa. Akimthibitishia Jumatatu kwa simu kwamba ufunguo ni wa kwake pekee, atatia saini. Alivaa viatu vyake vya mlima, akashuka na lifti.

*

Mwanamize aliutoa ufunguo ule kwenye fundo la wenzake, akauweka juu ya meza mbele ya mumewe. Vitu vyake alivitoa kabatini kimoja kimoja, akavipanga kitandani. Hakugombana, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Alipoleta chai alisema, "Ahmada, chai yako." Tangu Rashad azaliwe alikuwa hajamwita mumewe kwa jina lake.

Rashad, ambaye alijiona ana deni la Jumanne, alishika usukani. "Baba, unauficha tu. Simple." Akapendekeza mahali. Ahmada akauficha nyuma ya kitabu, akaukuta asubuhi mezani. Akautia ndani ya kopo la mafuta ya kitani. Akaukuta mezani umefutwa. Mwanamize hakuwa akiutafuta. Alikuwa akifagia nyumba yake, na nyumba yake ilimwambia. Jumapili Rashad alileta kikasha kidogo cha namba.

"Weka namba ambayo hakuna wa kuikisia."

Ahmada akaenda chooni kufikiri, akarudi, akaweka. Mwanamize alikuwa akipita na kapu la nguo. "Mwaka tuliooana," alisema, akaendelea kupita.

"Mama, wewe hupaswi hata kujaribu."

"Nimejaribu nini? Nimebeba nguo." Akasimama. "Tena wewe, nikuulize. Raisa ana namba ya sefu yako?"

"Anayo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mke wangu."

"Haya," Mwanamize alisema. "Nyinyi wanaume mmekaa wiki nzima mnahesabiana haki. Wa Ohio ana haki, wa Ladywood hana haki. Mimi sikusema kitu. Ilipofika haki kupatikana, kitu cha kwanza ilichofanya ni kunivua funguo."

Mkono wa Rashad ulishuka ubavuni, ukakuta shati, ukarudi.

Ahmada hakulala. Alilitazama kabati, ambalo sasa lilikuwa tupu na la halali. Alijaribu kuiona bunduki ndani yake na akaiona vizuri sana, mitutu imetulia, kitako kimekaa kwenye zulia, na yeye anafungua, anafunga, anajificha na ufunguo ndani ya nyumba yake kama mwizi mwenye kibali. Aliwaza kwamba angezoea. Aliwaza kwamba mwanawe naye alizoea. Alikwenda dirishani, akarudi, akamsikia Mwanamize amegeukia ukutani, macho, akijifanya kalala.

Jumatatu ofisa alipiga simu.

"Ufunguo ni wako pekee, Bwana Ahmada?"

Rashad alikuwa akiitikia kwa kichwa upande wa pili wa meza, kwa nguvu, kama mtu anayelipungia basi.

"Hapana," Ahmada alisema. "Yeye anajua. Nikiumeza atajua."

Ofisa alingoja kidogo, kama anayempa nafasi ya kusahihisha. Ahmada hakuitumia. Ofisa akasema basi hataweza kutia saini, na kwamba anaweza kuomba tena wakati wowote. Ahmada akamshukuru, akamwambia kahawa iko siku yoyote.

"Baba, ulikuwa nayo mkononi," Rashad alisema. "Neno moja."

"Wewe ulisema neno moja Jumanne," Ahmada alisema.

*

Siku ya mwisho ya mwezi, Rashad akiwa amesharudi Columbus, Gurvinder aliilaza bunduki kwenye benchi pamoja na ile mbao kuukuu iliyovunjika, aliyokuwa ameiunga kwa gundi na skrubu.

"Yule wa Worcestershire ananunua chuma," alisema. "Haijali mbao. Mbao si bunduki, hata polisi wanajua. Fungua."

Ahmada alifungua skrubu zake mwenyewe. Chuma kilitoka ndani ya mbao kwa shida, kwa sababu alikuwa amekikalisha vizuri. Gurvinder akakitia kitako cha gundi, kikakaa kama mguu wa mkopo. Wakazima mashine. Gurvinder alitaka kusema kitu, akasema magoti yanamuuma.

Kukibeba mpaka nyumbani kulikuwa na mjadala wake. Kitako kikibebwa wazi, kutoka mbali ni bunduki. Kikifichwa ndani ya koti, kutoka karibu ni bunduki iliyofichwa. Mwishowe alikizungushia gazeti, akakiacha kichwa chake nje, akatembea kwa miguu kupita Hockley, polepole, akiwatazama watu usoni kama mtu asiye na kitu. Gari moja la polisi lilimpita. Alijikuta vidole vyake vimetawanyika.

Mwanamize alikipokea mlangoni, akakigeuza kwenye mwanga. "Kizuri," alisema. Alikisimamisha ndani ya kabati la chuma, kati ya vikombe na mkebe wa udi, akafunga, akafunga na fundo.

Sasa Ahmada hana pa kwenda asubuhi. Huamka saa zilezile, huzunguka sebuleni, hufika dirishani, hurudi. Rashad hupiga simu akiwa barabarani, akauliza kama ameomba tena, naye husema anafikiria. Na kila Ijumaa, nyumba ikiwa bado na harufu ya pilau, husema, "Mama Rashad, ufunguo."

"Unakwenda nacho wapi, Baba Rashad?"

"Siendi nacho popote. Nakipaka mafuta."

Hufunguliwa. Huketi ukingoni mwa kitanda, kitambaa magotini, akakisugua kwa kidole gumba kuanzia kisogo mpaka shingoni, pale alipochonga mistari. Kinanuka udi siku hizi. Akifika mwisho wa mbao, mkono wake wa kushoto hunyooka mbele wenyewe, kwenda pale chuma kinapotakiwa kuanza, unafunga hewa, unarudi. Mwanamize husimama mlangoni na fundo lake wazi, akingoja amalize, na humwona. Haulizi kama anaumwa.